Kamera ya Kwanza ya Kazi: Usimalize Pesa Zote kwa Bodi

Simu yako imekutoa mbali. Imepiga picha za harusi ya binamu, za mahafali ya jirani, za viatu unavyouza mtandaoni. Kisha siku moja mtu akakuuliza, "Kwani wewe unatoza pesa ngapi?" Hapo ndipo wazo la kununua kamera linaanza kukukaa kichwani. Unaingia mtandaoni, unakutana na majina yasiyoisha: 2000D, a6000, R50, Z30. Unashuka mjini, kila duka limejaza kamera kwenye kioo na kila muuzaji anaapa kwamba yake ndiyo fiti.

Pesa za kamera ya kwanza si pesa za kuchezea. Ni akiba ya miezi mingi, zamu yako ya chama, au mkopo ambao lazima urudi. Ndiyo maana tumeandaa makala haya, na yana jambo moja kubwa la kukuambia: usimalize pesa zote kwa bodi. Bodi ni kamera yenyewe bila lenzi, na ni sehemu moja tu ya matumizi. Lenzi, betri, kadi, na pesa zinazobaki kwa simu yako ndizo zitaamua kama kamera itakulipa au italala kwa begi.

Anza na picha, si kamera

Kabla ya kuuliza bei, jibu swali hili: ni picha gani hasa utapiga miezi 6 ijayo? Si zile unazotamani kupiga ukishakuwa na jina. Zile ambazo watu tayari wanakuitia.

Ukiuza mitumba, keki au wigi mtandaoni, huenda huhitaji kamera sasa hivi. Weka bidhaa karibu na dirisha, zima taa ya ndani, tundika shuka jeupe upande wa pili lirudishe mwanga, na simu nzuri itakufanyia kazi safi. Hizo pesa za kamera ongezea bidhaa.

Ukiitwa harusini, kwenye ruracio, ibadani au kwenye sherehe za usiku, adui wako ni giza. Hapo kamera yenye lenzi inayofunguka sana italeta tofauti ambayo hata mteja asiyejua picha ataiona.

Ukipiga mpira wa mtaani au riadha, unahitaji lenzi ya kuvuta mbali, angalau inayofika 200mm, na kamera inayofuatilia mchezaji anayekimbia. Hizo lenzi zina bei yake, kwa hiyo zihesabu mapema.

Ukitaka video, iwe ni za kanisa, za mafunzo au za biashara, sauti ni nusu ya kazi. Kabla ya kuangalia kitu kingine, tafuta kama kamera ina tundu la kuchomeka maikrofoni ya nje. Kuna kamera maarufu za kuanzia ambazo hazina, na tutazitaja hapo chini.

Kama bado hujui jibu lako, kodi kwanza. Mijini kuna wapiga picha na maduka yanayokodisha kamera kwa siku. Watataka kitambulisho na pengine amana, basi uliza mapema amana inarudi lini na kwa njia gani, na mkubaliane kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Piga picha za kamera hiyo pande zote kabla hujaondoka nayo, ili mkwaruzo wa zamani usije ukawa deni lako. Kazi mbili za kukodi zitakufundisha kuliko wiki nzima ya kutazama video za mapitio.

Megapikseli zisikutishe

Muuzaji atakutajia megapikseli kwanza, kwa sababu ndiyo nambari rahisi kuuza. Hebu tuipige hesabu. Kamera ya megapikseli 24 inatoa picha ya nukta 6,000 kwa 4,000. Picha ya kuweka kwenye fremu ya inchi 8 kwa 10, ikichapishwa kwa nukta 300 kwa kila inchi, inahitaji nukta 2,400 kwa 3,000. Hizo ni megapikseli 7.2 tu. Kwa hiyo mtu asikuongezee bei ati kwa sababu hii ina 24 na ile ina 20. Kwa fremu ya sebuleni, kwa albamu ya harusi na kwa mtandao, hutaona tofauti.

Kinachotenganisha kamera na simu ni kihisi, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga. Kamera nyingi za kuanzia zina kihisi cha saizi inayoitwa APS-C. Kwa Canon ni karibu milimita 22.3 kwa 14.9, na kwa Nikon na Sony ni karibu 23.5 kwa 15.6. Linganisha na kihisi kinachoitwa cha inchi moja, ambacho kwa simu ni kikubwa kupindukia: milimita 13.2 kwa 8.8. Hata APS-C ya Canon ina eneo la zaidi ya mara 2.8 ya hicho. Eneo kubwa linapokea mwanga mwingi, na mwanga mwingi unamaanisha chembechembe chache kwenye picha za jioni.

Kuna kamera za kihisi kikubwa zaidi, cha milimita 36 kwa 24, ambazo wapiga picha wengi wa harusi wanazitumia. Ni nzuri, lakini lenzi zake kwa kawaida ni nzito na ghali. Kwa mwanzo, APS-C inatosha kabisa.

Lenzi ndiyo inayoleta mteja

Kamera nyingi za kuanzia huuzwa na lenzi iliyoandikwa 18-55mm, na kando yake 3.5-5.6. Nambari za milimita zinaeleza unavyoona: 18 ni upana wa chumba, 55 ni uso wa mtu. Zile nyingine zinaeleza tundu la lenzi linavyofunguka. Hapa mambo yamegeuzwa: nambari ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga unaingia kwa wingi.

Sasa tuseme uko kanisani, mapazia yamefungwa, bwana na bibi harusi wanavishana pete. Umevuta lenzi yako hadi 55mm, na hapo tundu lake haliwezi kupita 5.6. Kamera inalazimika kuacha shata wazi kwa 1/15 ya sekunde. Mkono wa bibi harusi ukisogea kidogo tu, picha inatoka na ukungu, na tukio hilo halirudiwi.

Lenzi ya 50mm yenye tundu la 1.8 inaingiza karibu mara 10 ya mwanga ule. Pale pale kanisani, bila flashi, inaweza kupiga kwa 1/125 ya sekunde. Pete inaonekana, machozi yanaonekana. Ukitumia lenzi hii kwa kamera ya bei nafuu, utamshinda mwenye kamera ya bei ghali mara mbili anayetegemea lenzi ya 18-55 pekee. Hiyo ndiyo sababu ya kutomaliza pesa kwa bodi.

Lenzi ya Canon ya aina hii, EF 50mm f/1.8 STM, ilitoka 2015 na ina uzito wa gramu 160 pekee. Ni mojawapo ya lenzi za bei ya chini kabisa za kampuni hiyo, na mtumba wake unapatikana. Jua tu kwamba kwenye kamera ya APS-C ya Canon, 50mm inaona kama 80mm. Ni tamu kwa picha za uso na kiuno, lakini ndani ya chumba kidogo utajikuta umegonga ukuta kwa mgongo. Kwa mwenye Nikon, lenzi ya 35mm yenye 1.8 ya kamera za APS-C ni rafiki zaidi kwa nafasi ndogo.

Yenye kioo au isiyo na kioo?

Kamera za DSLR zina kioo ndani kinachoruka kila unapobofya. Kamera za kizazi kipya hazina kioo hicho. Mara nyingi ni ndogo zaidi, na zinakuonyesha kwa skrini mwanga wa picha utakavyotoka kabla hujabofya. Kampuni kubwa zimehamishia nguvu zao huko, na wapiga picha wengi wameuza DSLR zao ili wahamie. Hapo ndipo nafasi yako ilipo. Mfumo wa lenzi za Canon EF ulianza 1987 na ule wa Nikon F ulianza 1959, kwa hiyo lenzi za mkono wa pili ni nyingi.

Hizi hapa ni baadhi ya kamera utakazokutana nazo, na jambo la kujua kuhusu kila moja:

• Canon EOS 2000D (2018): rahisi kutumia, megapikseli 24.1, inafaa picha. Haina tundu la maikrofoni, kwa hiyo kwa video utapata shida ya sauti.

• Nikon D3500 (2018): nyepesi, na betri yake inakaa sana. Nayo haina tundu la maikrofoni. Haina mota ya kulenga ndani ya bodi, kwa hiyo lenzi za zamani za Nikon zisizo na mota yao zitafunga lakini utalenga kwa mkono. Tafuta zilizoandikwa AF-S au AF-P.

• Canon EOS 250D (2019): ndogo kwa DSLR, ina tundu la maikrofoni, skrini inayogeuka mbele na video ya 4K. Kwa anayechanganya picha na video, ni kati ya DSLR za kuanzia zinazofaa zaidi.

• Sony a6000 (2014): haina kioo, ina kasi nzuri ya kulenga, na mtumba wake ni mwingi. Haina tundu la kawaida la maikrofoni.

• Sony ZV-E10 (2021) na Nikon Z30 (2022): zimetengenezwa kwa kufikiria watu wa video. Zote zina tundu la maikrofoni, lakini hazina tundu la kuchungulia kwa jicho wala flashi ya ndani. Juani utapata taabu kuona skrini.

• Canon EOS R50 (2023): haina kioo, ina tundu la kuchungulia, flashi ndogo na tundu la maikrofoni. Lenzi za EF zinaweza kufungwa kwa adapta.

Tahadhari moja: Canon M50 ni kamera nzuri na utaiona sana sokoni, lakini lenzi zake za EF-M haziingii kwenye kamera mpya za Canon za familia ya R. Ukiinunua, jua kwamba siku ya kupanda ngazi utaanza upya na lenzi.

Usichezwe na majina pia. Kamera ile ile hupewa jina tofauti kulingana na soko. Canon 250D huitwa Rebel SL3 Marekani na Kiss X10 Japani. Canon 700D ni Rebel T5i na pia Kiss X7i. Muuzaji akikuambia Kiss ni "toleo spesheli" na akaongeza bei, cheka kidogo, kisha endelea na safari.

Gawa pesa kabla ya kuingia dukani

Tuseme una shilingi 70,000. Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo chukua nambari hizi kama mfano wa kugawa, si orodha ya bei za soko:

• Bodi ya mtumba na lenzi ya 18-55: 45,000
• Lenzi ya 50mm yenye 1.8: 12,000
• Kadi mbili za memori: 3,000
• Betri ya pili: 2,500
• Begi lenye sponji: 2,500
• Pesa za kubaki kwa simu: 5,000

Huo mstari wa mwisho ndio watu huufuta wakiona bodi yenye sura nzuri. Usiufute. Hizo 5,000 ndizo nauli ya kufika kwa kazi ya kwanza, ndizo za fundi kifuniko kikivunjika, ndizo za kuchapisha sampuli tano za kumwonyesha mteja. Mtu mwenye kamera ya 70,000 na salio la shilingi 12 hawezi kufika kazini.

Betri ya pili na kadi ya pili si anasa. Harusi ya Jumamosi huanza saa moja asubuhi nyumbani kwa bibi harusi na kuisha giza likiingia. Kadi moja ikigoma, ile nyingine ndiyo inayokuokoa.

Kwa kadi, kuwa makini sana. Kuna kadi bandia ambazo nje zimeandikwa GB 128 lakini ndani zina nafasi ndogo tu. Zinakubali picha zako zote, kisha baadaye faili hazifunguki. Siku ya kununua, ijaze kadi yote kwa video kisha uzifungue kwa kompyuta uone kama zinacheza hadi mwisho. Kuna programu za bure za kufanya jaribio hilo, kama H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux na Mac.

Ukinunua mtumba, kagua hivi

Mtumba si aibu. Kamera iliyotunzwa vizuri inaweza kukutumikia miaka mingi. Lakini nenda na kadi yako mwenyewe, nenda mchana, na usikubali kuharakishwa.

Hesabu ya shata. Kila unapobofya, shata huchakaa kidogo. Nikon D3500, kwa mfano, shata yake imepimwa kwa mibofyo 100,000. Hiyo haimaanishi itakufa siku ya 100,001, ila kamera yenye 90,000 haiwezi kuuzwa bei ya yenye 9,000. Kwa Nikon, nambari hiyo hukaa ndani ya taarifa za faili ya picha, kwa hiyo piga picha moja na uiangalie kwa kompyuta au kwa tovuti inayosoma taarifa hizo. Kwa Canon nyingi za kuanzia haimo kwenye picha, hivyo huhitaji programu maalumu na waya. Muuzaji akikutajia tu kwa mdomo, hilo ni neno lake, si ushahidi.

Kihisi. Weka tundu la lenzi kwenye 16, piga ukuta mweupe au anga, kisha ikuze picha. Madoa meusi yanayokaa mahali pale pale kwa kila picha ni vumbi. Vumbi linasafishika. Mistari au mikwaruzo ni kesi nyingine, achana nayo.

Lenzi. Fungua vifuniko vyote viwili, imulike kwa tochi ya simu na utazame ndani. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Huota lenzi ikikaa muda mrefu kwenye unyevu, na kwa wenzetu wa Mombasa, Malindi na Lamu hili ni jambo la kila siku. Usinunue lenzi yenye kuvu kwa sababu ni ya bei ya kutupa.

Vitufe na milango. Bofya kila kitufe. Fungua na ufunge mlango wa betri na wa kadi. Washa flashi. Lenga kitu cha karibu, kisha cha mbali, na usikilize kama lenzi inakwaruza.

Lugha ya menyu. Baadhi ya kamera za Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina menyu ya Kijapani pekee na haibadilishwi kwa mipangilio ya kawaida. Iwashe na uitafute menyu ya lugha kabla ya kuzungumza bei.

Nambari ya siri ya kiwandani, yaani ile iliyoandikwa chini ya bodi. Ilinganishe na ya boksi na ya risiti ya kwanza. Kama imekwanguliwa, ondoka. Chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kupokea mali ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi ni kosa linaloweza kukufunga hadi miaka 14. Bei ikiwa nusu ya soko na mwenyewe hataki kutaja jina, umeshapata jibu.

Wakati wa kulipa

Hapa ndipo watu hupoteza pesa nyingi kwa sekunde chache, kwa hiyo twende polepole.

1. Kwanza shika kamera, kisha lipa. Mtu wa mtandaoni anayetaka "kidogo tu cha kuiweka kando" kwa kamera ambayo hujaiona anakuomba umwamini kwa pesa zako. Akikuambia wanunuzi wengine watatu wako njiani, waache waichukue.

2. Lipa kwa nambari ya Till au Paybill ya duka, si kwa nambari ya mtu binafsi aliyeko dukani. Jina la biashara likitokea kwa skrini, lilinganishe na jina la mlangoni na la kwenye risiti. Majina yakipishana, uliza kabla ya kuweka PIN, si baada.

3. Kama ni mtumba wa mtu binafsi, kutaneni mahali penye watu, na jina linalotokea ukituma pesa liwe la huyo aliye mbele yako. Mwombe akuandikie karatasi yenye jina lake, jina la kamera, nambari ya kiwandani, tarehe na kiasi, na atie sahihi.

4. Usifute ujumbe wa muamala. Upige picha ya skrini na uitunze pamoja na risiti. Ukija kudai waranti, au kamera ikiibwa na ukaenda polisi, hizo ndizo karatasi zako.

5. Uliza waranti ni ya nani. Waranti ya duka ya miezi 6 na waranti ya kampuni iliyotengeneza kamera si kitu kimoja. Iandikwe kwenye risiti.

6. PIN ni yako peke yako. Hakuna muuzaji, mtu wa kuleta mzigo wala mtu wa huduma kwa wateja anayehitaji kuijua.

Kumbuka pia kwamba kurudishiwa muamala kumewekwa kwa ajili ya pesa zilizoenda kwa nambari isiyofaa. Si njia ya kumaliza ugomvi kuhusu kamera uliyoipokea na kuijaribu. Ukikosea nambari, omba urudishiwe papo hapo, kwa sababu mpokeaji akishatoa pesa mambo huwa magumu.

Nikope, nilipe mdogo mdogo, au nisubiri?

Hebu tuweke hesabu mezani. Tuseme unakopa 40,000 kwa mwezi mmoja kwa ada ya asilimia 8. Utarudisha 43,200. Sasa tuseme kila kazi unatoza 3,000, na nauli pamoja na uchapishaji vinakula 1,000. Unabaki na 2,000. Ili kulipa mkopo kwa pesa za kamera pekee, unahitaji kazi 22 ndani ya siku 30, na hujala wala kulipa kodi ya nyumba. Kwa anayeanza, hiyo ni ndoto. Ukiusogeza mwezi mwingine, ada inarudi tena. Mkopo wa muda mfupi unafaa kuziba pengo dogo: umebakisha 5,000 na kuna kazi ambayo mteja ameshalipia nusu. Haufai kununua kamera nzima.

Ukilipa mdogo mdogo dukani, uliza maswali matatu na upewe majibu kwa maandishi. Bei ya jumla mwishoni ni ngapi ukilinganisha na ya kulipa mara moja? Ukichelewa wiki mbili, unatozwa nini? Ukishindwa kabisa, ulichokwisha kulipa kinarudi au kinapotea? Kisha kila malipo yaende kwa nambari ile ile ya duka, na uhifadhi kila ujumbe.

Kusubiri nako si kukaa bure. Fungua akiba ya kufungwa kwa simu yako, uipe jina la kamera, na uweke kiasi kidogo kila siku. Shilingi 200 kwa siku ni 6,000 kwa siku 30, na 60,000 kwa miezi 10. Katikati ya miezi hiyo, kodi kamera kwa kazi zinazolipa na uongezee faida pale pale. Siku ya kununua ikifika, utakuwa tayari unajua unataka nini.

Wiki ya kwanza na kamera yako

Kuna mambo machache ya hapa kwetu ambayo kitabu cha maelezo hakitayasisitiza. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50. Kamera iliyotoka Marekani au Japani huenda imepangwa kwa video ya NTSC, na ukirekodi chini ya taa za ndani utaona mistari inayopitapita. Nenda kwa menyu, weka PAL, kisha tumia shata ya 1/50 au 1/100. Kabla ya kuchomeka chaja, soma mgongoni: iwe imeandikwa 100-240V. Ikiwa ni ya volti 110 pekee, umeme wetu wa 240 utaiua.

Vumbi likiwa jingi, usibadilishe lenzi nje upepo ukivuma. Ukikaa pwani, tupia pakiti za kukausha unyevu kwa begi, zile zinazokuja kwa boksi za viatu, na uzibadilishe mara kwa mara.

Kisha tenga pesa. Pata Till yako au mfuko tofauti wa biashara, ili malipo ya picha yasichanganyike na pesa za unga. Chukua nusu kabla ya siku ya kazi. Miezi 3 baadaye, taarifa ya miamala yako itakuambia ukweli: kamera imeingiza ngapi, na lenzi inayofuata inunuliwe lini.

Na ukipiga watu kwa ajili ya matangazo, omba idhini yao kwa maandishi, hasa wazazi kama ni watoto. Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya 2019 na inafanya kazi. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Orodha ya kubeba siku ya kununua

Ihifadhi kwa simu kabla ya kutoka nyumbani:

• Kadi ya memori yangu na tochi ya simu
• Jina kamili la kamera, na majina yake ya Marekani na Japani
• Kiasi cha juu cha bodi, na kiasi cha lenzi ambacho hakiguswi
• Rafiki mmoja asiyependa kamera, wa kuniambia tuondoke
• Jina la biashara la kulinganisha kabla ya PIN
• 5,000 za kubaki kwa simu nikitoka dukani